Ahmad bin Majid: mwalimu wa bahari aliyeandika upepo

Mimi ni mtu wa Mambrui, lakini riziki imenileta Kyumbi, pale njia panda ya kwenda Machakos kwenye barabara kuu ya Mombasa na Nairobi. Nyuma ya nyumba, mbali na mwembe ili matawi yasizuie matone, nimesimamisha kipimamvua. Kila siku saa tatu asubuhi natoka na daftari, naangalia maji yaliyoingia, naandika ni milimita ngapi, kisha nayamwaga. Kama hakuna kitu, naandika sufuri. Hakuna anayenilipa. Mwanzoni jirani zangu walinicheka, wakasema mtu wa pwani amechanganyikiwa na baridi ya bara. Siku hizi wao ndio wanaobisha hodi kuniuliza kama wapande mahindi au wangoje.

Wa nyumbani nao wakinipigia simu hawaachi kunitania: mtoto wa bahari, wewe na mvua za Ukambani wapi na wapi? Leo nataka kuwajibu. Jibu langu ni maisha ya mtu aliyekufa zaidi ya miaka 500 iliyopita, mtu ambaye jina lake kila aliyesoma historia pwani amelisikia, ingawa wengi wetu tulilisikia kwa ubaya. Namzungumzia Ahmad bin Majid.

Alizaliwa Julfar, mji wa bandari katika Ghuba, sehemu ambayo leo ni Ras al-Khaimah katika Falme za Kiarabu. Ilikuwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 15. Alizaliwa ndani ya kazi. Babu yake, Muhammad, alikuwa mwalimu wa bahari, na baba yake, Majid, vilevile. Neno hilo mwalimu tulifikirie kidogo. Kwetu leo ni mtu wa chaki na ubao. Kwa wasafiri wa Bahari ya Hindi, mwalimu alikuwa yule anayeijua njia. Nahodha ni mwenye amri chomboni, lakini mwalimu ndiye anayetazama nyota, anayesoma upepo, anayejua mwamba uko wapi na bandari ipi inafunguka kwa msimu gani. Nahodha asiye na mwalimu mzuri alikuwa kama mtu anayetembea usiku bila taa.

Baba yake alitunga utenzi mrefu wenye zaidi ya mistari 1000 kuhusu safari za Bahari ya Shamu, bahari iliyojaa miamba na visiwa vidogo. Ahmad aliurithi utenzi ule, lakini hakuuweka juu ya rafu na kuusifu tu. Aliupeleka baharini. Pale alipoona kwa macho yake jambo lisilolingana na maneno ya mzee, alilisahihisha, na pale mzee alipopungukiwa, aliongeza. Mimi naona heshima hiyo ni kubwa kuliko ile ya kukariri kila kitu bila kuuliza.

Kabla yake walikuwapo waandishi watatu wa mambo ya bahari waliokuwa na sifa kubwa, ambao watu waliwaita simba. Ahmad aliwaheshimu, akajihesabu kuwa wa nne baada yao. Lakini alikuwa na neno juu yao: aliona kwamba walikusanya habari za wengine zaidi ya walivyosafiri wenyewe. Ukisoma msimamo wake utamwona mtu mwenye majivuno, na hilo silifichi. Alijua alichokuwa nacho. Lakini majivuno yake yalikuwa na msingi mmoja, nao ni kwamba aliandika aliyoyajaribu.

Mwaka 1462 alikamilisha utenzi wa kwanza mkubwa tunaoujua, uitwao Hawiya, wenye misingi ya elimu ya bahari. Kwa nini utenzi? Kwa sababu chomboni hakuna nafasi ya kufungua kitabu wakati tanga linapiga na maji yanaruka. Kilichofungwa kwa vina hubaki kichwani. Watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa zaidi, maana sisi wenyewe tumelelewa hivyo, dini na adabu tumezipata kwa tenzi. Kazi zake zinazojulikana zinakaribia 40, na nyingi ni mashairi.

Miaka 28 baada ya Hawiya, yaani karibu mwaka 1490, alimaliza kitabu chake kikuu cha nathari, Kitab al-Fawaid. Kina faida 12, ndivyo alivyoziita sehemu zake. Humo mna asili ya elimu ya bahari, vituo 28 vya mwezi, pande 32 za dira, nyota zinazopimwa ili kujua umefika wapi, njia za pwani na njia za kukata bahari kuu, visiwa vikubwa, misimu ya upepo, na mwisho Bahari ya Shamu, bahari ya baba yake. Katika visiwa vikubwa alivyovitaja, Unguja imo.

Vyombo vyake vilikuwa vichache. Alikuwa na dira ya sumaku, na kibao kidogo chenye uzi uliopigwa mafundo, alichokiinua mbele ya jicho ili kupima nyota iko juu ya upeo kwa vidole vingapi. Kidole kilikuwa kipimo, na mwendo wa saa tatu uliitwa zamu. Mtu akisafiri kusini, nyota ya kaskazini hushuka mpaka ikazama, ndiyo maana kwa safari za huku kwetu walimu walipima nyota nyingine. Lakini vyombo hivyo vilikuwa nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa alama: rangi ya maji, majani yanayoelea, aina ya ndege, tope linalonasa kwenye bildi, nyoka wa baharini wanaoonekana unapoikaribia pwani ya India. Mwalimu alitakiwa kuona yote hayo kila siku na asidharau hata moja.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nimpende mtu huyu, nalo ni hesabu yake ya siku.

Msomaji wa pwani anajua kwamba mwaka wa Hijra una siku 354 au 355. Ramadhani mara huja wakati wa jua kali, mara wakati wa masika. Kwa ibada haina tatizo. Kwa mwenye chombo ni hatari, maana upepo haufuati mwezi mwandamo. Kusi na kaskazi hufuata jua. Kwa hiyo walimu wa bahari walitumia hesabu nyingine, ya Nairuzi, mwaka wa siku 365 unaohesabiwa kuanzia siku ya kwanza mpaka ya mwisho bila kujali majina ya miezi. Katika Fawaid, Ahmad hasemi tu kwamba safari fulani ni nzuri mwanzo wa kaskazi. Anataja siku ya ngapi ya Nairuzi mtu atoke bandari fulani kwenda bandari fulani, na siku ya ngapi amechelewa. Anaeleza pia kwamba kuna siku kama 90 ambazo bahari hufungwa, kusi ikiwa imechacha, na mwenye akili hatoi chombo.

Je, hesabu hiyo ni ngeni kwetu? Hata kidogo. Wazee wetu waliihesabu hiyo hiyo. Walikuwa na Nairuzi, ambayo tuliiita pia Siku ya Mwaka, na kutoka hapo walihesabu miongo, kila mwongo siku kumi. Miongo 36 na siku 5 za ziada, umepata 365. Mvuvi alijua mwongo upi ni wa samaki gani, na mkulima alijua mwongo upi wa kupanda mtama. Watu wa Makunduchi, Unguja, bado wanaisherehekea siku hiyo kila Julai kwa Mwaka Kogwa.

Fanya hesabu ndogo nami. Mwaka wa Nairuzi hauna siku ya nyongeza ya kila mwaka wa nne, kwa hiyo hurudi nyuma siku 1 kila miaka 4. Wakati Ahmad anaandika Fawaid, Nairuzi yake iliangukia mwezi wa Novemba. Ukihesabu miaka 500 na kidogo, umerudi nyuma siku zaidi ya 120, kama miezi 4. Toka Novemba rudi miezi 4, utajikuta Julai, pale pale Makunduchi wanapooga mwaka. Nilipoifanya hesabu hii mara ya kwanza, nikiwa nimekaa ukumbini hapa Kyumbi na daftari langu la mvua mapajani, nilisisimka mwili. Hesabu ya mwalimu wa Julfar na hesabu ya babu yangu wa Mambrui ni uzi mmoja.

Ahmad alizijua bandari zetu. Ana utenzi mzima uitwao Sufaliya, wa njia ya kwenda Sofala, chini kabisa katika Msumbiji ya leo, na ndani yake anapita pwani hii ya Waswahili bandari kwa bandari.

Tuje sasa kwenye lile la ubaya. Nilipokuwa shule nilifundishwa kwamba Ahmad bin Majid ndiye aliyempeleka Vasco da Gama India kutoka Malindi mwaka 1498. Yaani yeye ndiye aliyewafungulia Wareno mlango, na yaliyofuata, Mombasa kuchomwa, Kilwa kuporwa, kodi na mizinga, yote yalipita katika mlango huo. Katika baraza za kwetu nimesikia jina lake likitajwa kama jina la msaliti.

Tuyaangalie mambo kama mtu anavyoangalia kipimamvua, bila kuongeza wala kupunguza. Ni kweli Wareno waliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 na rubani waliyepewa na mfalme wa Malindi, wakatia nanga karibu na Calicut tarehe 20 Mei, siku 26. Tarehe hizo peke yake zinatuonyesha kwamba rubani yule alikuwa hodari. Aliikata bahari kaskazi ikiwa imekwisha na kusi inaanza kusukuma, kabla haijachacha. Wakati wa kurudi, Wareno hawakungoja msimu wao. Waliondoka pwani ya India mwanzo wa Oktoba, wakahangaika baharini miezi 3, mabaharia wengi wakafa, ndipo wakafika Malindi Januari 1499. Bahari ile ile, siku 26 kwa anayejua na miezi 3 kwa asiyejua.

Lakini rubani yule alikuwa nani? Waandishi wa Kireno wa karne iliyofuata wanamtaja kuwa Mwislamu wa Gujarat, India, na jina wanalompa si Ahmad wala bin Majid. Tuhuma dhidi ya Ahmad ilitoka kwa mwanahistoria wa Makka, Qutb al-Din al-Nahrawali, aliyeandika miongo mingi baada ya safari, naye akaongeza kwamba mwalimu alileweshwa ndipo akatoa siri. Mwaka 1498 Ahmad alikuwa mzee, amesafiri na kuandika zaidi ya miaka 35. Utenzi wake wa mwisho wenye tarehe ni wa mwaka 906 wa Hijra, sawa na 1500 au 1501, na baada ya hapo hasikiki tena. Wanahistoria wengi wa leo hawaikubali tuhuma ile, na mtawala wa Sharjah, Sultan al-Qasimi, ameandika kitabu kizima kumtetea.

Mimi naongeza langu, kama mtu anayeandika namba na kuzitoa kwa watu. Ahmad hakuficha elimu yake ili mtu aje ailewe na kuiiba. Aliiweka katika vitabu na tenzi ili kila mwalimu ajifunze, na chombo cha maskini kifike salama kama cha tajiri. Njia ya kutoka Malindi kwenda India haikuwa siri ya mtu mmoja. Waarabu, Wahindi na Waswahili waliipita kila mwaka, na karibu kila mwalimu aliyekuwa bandarini Malindi aliijua. Kumlaumu mwandishi wa upepo kwa yaliyofanywa na wenye mizinga ni kuwasahau wenye mizinga.

Elimu yake ilimshinda muda. Mwaka 1554 amiri wa bahari wa Waturuki, Seydi Ali Reis, akiwa amekwama India baada ya tufani na vita, alitunga kitabu cha bahari, na alichokitegemea ni vitabu vya Ahmad na vya Sulaiman al-Mahri aliyekuja baada yake. Karne ya 20, Mfaransa Gabriel Ferrand alizichapisha nakala za mkono zilizokuwa Paris. Mwaka 1957 Mrusi Shumovsky alizitoa tenzi zilizokuwa Leningrad, na Sufaliya yetu ilikuwa mojawapo. Mwaka 1971 Mwingereza Tibbetts alitoa tafsiri ya Fawaid. Ni Paris, Leningrad na London. Sisi ambao bandari zetu zimo ndani yake, tumeisoma wangapi?

Hapo ndipo panaponiuma. Babu yangu mzaa baba alikuwa mvuvi. Alijua miongo yote kichwani, alijua kusi itageuka lini kwa kutazama mawimbi ya alfajiri na nyota moja aliyokuwa akinionyesha kwa kidole. Nilikuwa kijana, nikaona ni mambo ya zamani. Alipokufa, yote yalikwenda naye. Sikuandika hata mstari. Leo najua jina la kila faida katika kitabu cha mtu wa Julfar, na sijui ile nyota ya babu yangu ilikuwa ipi.

Kwa hiyo nilinunua kipimamvua. Na bado nilikosea tena. Vuli ya 2023, mvua zilipokuwa kubwa, nilichoka. Kazi zilizidi, nikaacha kuandika kwa wiki mbili, nikijiambia kwamba mtu mmoja na kopo lake hana maana. Mnaujua mwendo wa maji yetu: mvua ya vilima vya Machakos huingia Mto Athi, Athi ikashuka ikaitwa Galana, Galana ikaitwa Sabaki, na Sabaki ikamwaga tope jekundu baharini kati ya Malindi na Mambrui. Shemeji yangu ana shamba kandoni mwa Sabaki. Siku zile maji yalimkuta usingizini, yakachukua mihogo, mbuzi watatu na pampu aliyokuwa hajamaliza kuilipia. Aliponiuliza kama huku juu ilinyesha sana, sikuwa na la kumwambia. Ukurasa ulikuwa mweupe.

Masika ya 2024 sikuacha hata siku moja. Namba zilipopanda siku baada ya siku mwezi wa Aprili, nilimpigia. Nilimwambia kwamba Kyumbi si Athi yote, na kwamba asikilize pia Idara ya Hali ya Hewa na watu wa mtoni, lakini kopo langu limejaa. Aliwahamisha mbuzi na pampu mpaka kwa mama yake. Maji yalikuja. Shamba lilikwenda, mbuzi na pampu vikabaki. Najua ni jambo dogo, lakini sikulala kwa aibu kama mwaka uliotangulia.

Haya ndiyo niliyojifunza kwa Ahmad bin Majid, na nayatoa kwa yeyote anayetaka kuanza. Chombo si lazima kiwe cha gharama. Kopo lenye kingo zilizonyooka na rula vinatosha kuanzia, na milimita 1 ya mvua ni lita 1 katika kila mita 1 ya mraba. Kiweke mbali na mti au ukuta, angalau mara mbili ya kimo chake. Soma saa ile ile kila siku. Sufuri nayo ni habari, iandike. Ukikosa siku, andika kwamba umekosa, usibuni. Ukiwa umeshazoea, nenda ofisi ya hali ya hewa ya kaunti yako uwaulize namna ya kuwapelekea namba zako, maana vipimo vya watu wa kujitolea, shuleni, misikitini, makanisani na mashambani, huziba mapengo ambayo vituo vikubwa haviwezi kuyaziba.

Na wewe uliye Mambrui, Lamu, Vanga au Kisiwani, kama una mzee ambaye bado anajua miongo, nenda kwake wiki hii na daftari. Muulize Nairuzi huanguka siku gani, kusi hugeuka mwongo wa ngapi, samaki gani huja lini, na nyota ipi humwonyesha. Andika tarehe, kisha ukakae ufuoni uangalie kama ni kweli. Akikosea mahali, sahihisha kwa adabu, kama mtoto wa Majid alivyofanya na utenzi wa baba yake.

Mimi hapa Kyumbi leo nimeandika sufuri. Anga ni jeupe na vumbi la malori limejaa njia panda. Kesho saa tatu nitatoka tena.